Kikohozi cha Adabu

Tata,

Mugonile. Najua mkamwana hamsalimii baba mkwe wake hivi, moja kwa moja, bila mtu katikati. Lakini wewe sasa umelala chini ya vigae vyeupe alivyochagua Gwakisa, mimi nimekaa jikoni kwako na karatasi, na Mama ameniruhusu. Amesema, "Mwandikie tu. Marehemu hana mkwe." Basi nakuandikia. Nikivuka mpaka, geukia ukutani kama ulivyozoea.

Jina lako siliandiki. Hilo nimekataa mwenyewe, hakuna aliyenikataza. Tangu nimeolewa katika ukoo huu sijawahi kulitamka, na nikilitamka leo nitajisikia kama nimeingia chumbani kwako bila hodi.

Nina habari ya kukupa. Kwenye msiba wako, mdogo wako wa Ndandalo alisimama mbele ya watu akasema mimi ndiye niliyekuua. Alisema mkamwana ameshika kitu kilichotoka kinywani mwa mkwe wake, ameshika makohozi ya mzee kwa mikono yake, na kwa hilo hakuna mzee anayepona. Akasema nisiguse sufuria za msiba. Jana, baada ya wiki zote hizi, tumevunja matanga, na neno hilo limekwisha. Nataka ulisikie kwangu lilivyokwisha, maana wewe ndiye mwenye kesi na hukuwepo.

Unajua, Daktari wetu pale hospitalini, mtu wa Tanga, nilipomweleza desturi yetu mara ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani. Eti mke wa mtoto na baba mkwe wasionane? Eti mzee akija njia hii wewe ushike ile, usile mbele yake, usimtazame usoni, usitaje jina lake? "Na mkikutana mlangoni je?" akauliza. Nikamwambia hatukutani, mzee anakohoa.

Kile kikohozi chako, Tata! Kifupi, kikavu, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusoma somo kanisani. Ulikitoa ukifika kwenye mgomba wa kwanza, na mimi popote nilipo, na ungo, na mtoto, na mikono yenye unga, nachomoka naingia ndani. Ukiwa na haraka, ulikohoa haraka. Ukiwa umenuna, hata kikohozi kilinuna. Mama alikuwa anacheka, "Baba yako huyo, kimbia!" Mwanzoni nilikasirika, sikufichi. Kwetu Matema mambo haya yalishalegea siku nyingi, na vijana wa mjini Mbugani wanakaa na wakwe zao kochi moja wanaangalia tamthilia. Mimi nimesomea maabara, nimevaa koti jeupe wiki nzima, halafu Jumamosi nikija kwenu Makwale nakimbia kama kuku aliyeona mwewe. Nilimwambia Gwakisa kwamba baba yake hanipendi. Gwakisa akasema, "Subiri umsikie Karani."

Nani amewahi kumwita mbwa Karani? Ulikuwa unakaa nje ya ukuta wa jiko, mimi niko ndani, na mbwa amelala miguuni pako. "Karani, mwambie yule mama wa ndani mvua inakuja na nguo zake ziko kwenye kamba." "Karani, mwambie samaki wa leo, yule mbasa, alikuwa mtamu, ndaga fijo, asante sana." Mbwa hata kichwa hainui. Siku moja nikajibu kutoka ndani, "Karani, mwambie mzee nimesikia." Nikasikia unacheka peke yako. Kuanzia hapo tukawa tunaongea. Lugano alipozaliwa ulimpa Karani ujumbe mrefu mpaka mbwa akachoka akaondoka, ukabaki unaongea na ukuta. Ulisema nyumba iliyoanza na binti haikosi maji. Nililia siku ile, na nadhani ulisikia, maana uliondoka kwa kunyata.

Kwa hiyo nilikujua kwa sauti, kwa miguu na kwa kofia. Picha zetu za harusi zote, una sikio tu. Kila mpiga picha alipoinua kamera, uligeuka.

Unakumbuka ile jioni ya amiba? Nilikuwa nimeanza kwenda Mbeya kusoma tena. Mimi na Mama tunamenya ndizi za mbalaga, wewe nje unanoa panga kwa tupa, na Mama akaniuliza nasomea nini huko. Nikasema nasomea amiba. Akasema, "Wale wa kuharisha? Si wana dawa tayari?" Nikasema si wale, hawa ni wengine, wa kwenye maji. Tupa yako ikanyamaza. Nikajua mtu anasikiliza, nikapandisha sauti.

Nilisema hivi, na kila neno nilikuwa nakuambia wewe. Kwenye ukoga wa maji, ule utelezi unaoota ndani ya tanki na mdomoni mwa koki, anaishi kiumbe laini asiye na mkono wala mguu, mdogo, haonekani kwa macho. Huyo ndiye amiba. Anatembea kwa kujimwaga upande anaotaka kwenda. Akikuta bakteria anamzunguka, anammeza, anamsaga. Ndiyo kazi yake mchana kutwa, kula. Lakini yuko bakteria mmoja anaitwa lejionela, huyo akimezwa hafi. Anajifungia kijumba chake mle mle ndani ya amiba, anakula chakula cha mwenye nyumba, anazaana, mpaka amiba mwenyewe anapasuka na watoto wa mgeni wanamwagika nje. Sasa, ndani ya mapafu ya mtu kuna askari wa mwili, seli za kinga, na kazi yao nao ni kuzunguka na kumeza wadudu. Ukiwaangalia kwenye hadubini, askari hao na amiba wana mwendo mmoja. Ndiyo maana lejionela akivutwa na mtu kifuani, askari akamjia na kummeza, hashtuki hata kidogo. Anaona ni nyumba ile ile aliyoizoea.

Mama akaweka kisu chini. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

Tupa ikaanza tena, taratibu. Halafu nikasikia, "Karani, hebu muulize. Huyo mdudu akishatoka kwa amiba, anatoka na nguvu au anatoka amechoka?" Najua ulikuwa unafikiria miche yako ya kakao, iliyolelewa kitaluni na iliyojiotea porini. Lakini Tata, hilo ndilo swali lililonipeleka Mbeya. Nilikuwa nimelieleza kwa mwalimu wangu kwa maneno mengi, na wewe umelimaliza ukiwa unanoa panga. Nikacheka, nikasema, "Karani, mwambie bado sijui. Nikijua nitamletea jibu."

Jumamosi iliyofuata nikakuta chupa ya maji mlangoni, imefungwa kwa gome la mgomba, na ndani ukoga wa kijani unaelea. Karani kalala pembeni kama mlinzi. Ukasema kutoka nje, "Huo umetoka kwenye tanki langu. Karani, mwambie aangalie kama una watu."

Tanki lako. Mimi na Gwakisa tulilileta kwa kirikuu kutoka Kyela mjini nilipopata kazi, na ulilipenda kuliko tulivyotegemea. Ulilitengenezea kibaraza chake. Wageni wakija, kabla ya kuonyeshwa kiti wanaonyeshwa tanki. Mama alikuwa anasema umeoa mke wa pili, mweusi na mnene.

Na watu walikuwemo, Tata! Niliweka ukoga wako chini ya hadubini, nikawaona amiba, wanene, wanajimwaga huku na huku kama wako kwao. Mwalimu wangu akafurahi, akasema tuwafuge. Kila chupa lazima iandikwe jina la ilikotoka. Sasa mimi jina lako nitaliandikaje? Nikaandika KARANI. Mpaka leo pale maabara watu wanaulizana, "Karani amelishwa?" "Karani amebadilishiwa maji?" Hawajui kuwa kuna mbwa.

Tulikuwa na lejionela wa maabara, wa kutunzwa, si wa kwako. Wengine nikawakuza kwa chakula cha kawaida. Wengine nikawakuza ndani ya amiba wa Karani. Kisha nikawapeleka wote kwa askari wa binadamu, kila kundi kwenye sahani yake. Wale wa chakula cha kawaida, askari walihangaika nao, lakini walishindana. Wale waliotoka kwa amiba waliingia kwa askari kama wenye ufunguo. Walizaana, wakajaa, askari wakapasuka. Nikajaribu tena, nikaweka na amiba wenyewe pamoja na askari, hali ikawa mbaya zaidi. Nilikaa mbele ya hadubini nikifurahi, kwa sababu nilikuwa nimepata jibu lako, basi. Mtu anaweza kufurahia kitu ambacho hajui kitamliza mwenyewe.

Nilikuja Makwale mbio. "Karani, mwambie mzee: anatoka na nguvu." Na wewe ukasema, "Nilijua." Halafu, baada ya kufikiri, "Mwambie basi huyo amiba ni mwalimu mbaya."

Sasa nafika kwenye mvua.

Mwaka huu mvua iliposhika, kakao ilianza kuoza maganda, Makwale nzima watu wakawa wanapuliza dawa. Wewe ulijaza bomba la mgongoni kutoka kwenye tanki, maana liko karibu, na mtoni kuna tope. Ulipuliza chini ya migomba na mikakao, hewa imetulia, joto la Kyela unalijua, ule ukungu ukakuzunguka na wewe uko katikati unavuta pumzi. Siku kadhaa ulifanya hivyo. Mimi nilikuwa mjini.

Jumamosi ile nilikuja na Lugano mgongoni. Ukakohoa kwenye mgomba, nikakimbia ndani. Nikatoka. Ukakohoa kwenye uzio, nikakimbia. Nikatoka kuanua mpunga, ukakohoa nyuma ya jiko, nikaacha ungo nikakimbia. Mama akasema, "Leo baba yako ana adabu nyingi." Tukacheka, Tata. Tulicheka wote wawili, na mimi ndiye niliyesomea mapafu. Nilikupisha asubuhi nzima. Baadaye kikohozi kikasikika mbali, kule kwenye masanduku ya kuvundikia kakao, nikashukuru, nikapika kwa utulivu. Kwa miaka yote kikohozi chako kiliniambia neno moja tu, nipishe. Sikujua kinaweza kusema neno jingine.

Ngoja ninywe maji.

Gwakisa alikuleta hospitali kwa bajaji, unatetemeka, unaweweseka kwa Kinyakyusa. Daktari akataka makohozi yapimwe. Siku ile maabara nilikuwa peke yangu, mwenzangu yuko likizo. Nikavuta kanga juu ya koti langu jeupe, nikashika kikopo, nikaja mpaka mlango wa wodi, na pale miguu ikagoma. Nisingeweza kuingia. Nisingeweza kutoingia. Kwa hiyo nikafanya kile nilichofundishwa na wewe. Nikakohoa.

Na wewe, na homa yote ile, ukaelewa. Ukavuta shuka ukafunika uso. Mkono wako ukatoka chini ya shuka, nikaweka kikopo kiganjani nikiangalia sakafu. Ukageukia ukutani, ukakohoa kikohozi ambacho sitakisahau, ukafunga kifuniko, ukakiweka dirishani ili nisikipokee mkononi mwako. Wagonjwa wote wanatuangalia. Halafu ukasema, kwa sauti iliyokwisha, "Karani, mwambie nimekaza vizuri."

Mbwa alikuwa Makwale.

Nilikichukua kile kikopo kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea zawadi. Mdogo wako alikuwa amekaa kitandani pako, akaniona. Katika yote yale, aliona hicho tu.

Vipimo vyetu vya kawaida havikuonyesha kitu. Nikamweleza Daktari habari ya bomba na tanki, na Daktari, Mungu ambariki, hakucheka safari hii. Alikubadilishia dawa, akakupa ile inayoingia mpaka ndani ya seli, maana zile za mwanzo zinaua wadudu walioko nje, na huyu huwa amejificha ndani ya askari. Ukapata nafuu. Uliomba mbalaga, nikapika, Gwakisa akakupelekea. Nikaanza kuimba kazini. Halafu asubuhi ya Jumapili, watu wako kanisani, moyo wako ukachoka. Hakuna wa kumlaumu, Tata. Ulikuwa umeshabeba mengi.

Kwenye msiba mdogo wako alisema aliyoyasema. "Lisemwalo lipo," wengine wakaitikia. Mwanamke mmoja akanitoa mwiko mkononi, kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Gwakisa akasimama na hasira, Mama akamvuta shati akamkalisha. Basi. Kuanzia siku ile nilikaa kwenye mkeka wa wageni. Mkamwana asiyetumwa maji, asiyetumwa kuni, asiyeitwa "wewe, njoo hapa," huyo si mkamwana tena, ni mpita njia. Na Mama alikuwa kimya. Usiku na mchana nilijiuliza kama naye anaamini. Hilo ndilo lililonikondesha, si maneno ya Baba mdogo.

Nilikuwa nimepeleka Mbeya sehemu ya yale makohozi, kwa ruhusa ya Gwakisa, pamoja na ukoga mpya kutoka kwenye koki ya tanki. Majibu yalirudi saruji ya kaburi lako ikiwa imeshakauka. Lejionela kifuani, lejionela tankini, na wanafanana. Mwalimu wangu alisema hakuna anayeweza kuapa ni njia gani mdudu alipita, ila njia hii iko wazi kuliko nyingine zote.

Nikaishika ile karatasi, sijui nicheke au nilie. Imenisafisha mimi, imelichafua tanki. Zawadi yetu, Tata. Mke wako wa pili. Mara ya kwanza ulipoleta ukoga hapakuwa na huyu bakteria, walikuwa amiba tu, nyumba tupu inasubiri mpangaji. Baadaye mpangaji alikuja. Nilifikiri ninyamaze, nibaki na aibu yangu, Mama aendelee kulipenda tanki lako. Lakini Gwakisa akaniambia kitu kikanisimamisha nywele: Baba mdogo amekuwa akija kila wiki kupuliza kakao yako, kwa bomba lako, kwa maji ya tanki lako. Kwa upendo wa kaka yake. Mtu aliyesema nimekuua, anajiua mbele yangu.

Ningenyamaza vipi?

Lakini Baba mdogo naye ni mkwe wangu. Siwezi kusimama mbele yake wala mbele ya wazee wa ukoo nikaanza kuhutubia. Gwakisa akajitolea anisemee. Nikamwambia anieleze kwanza kama mazoezi. Mwanao ni mwalimu mzuri wa historia, Tata, ila katika maelezo yake amiba ndiye aliyemezwa na bakteria, na mapafu yakawa ndani ya tanki. Nikamwambia ahsante mume wangu, kaa.

Jana, wazee wamekaa chini ya turubai, mimi niko ndani ya jiko, mahali pangu pa zamani. Nikachungulia kwenye upenyo wa ukuta. Karani alikuwa amelala pale pale ulipokuwa unakaa. Tangu uondoke analala hapo. Nikakohoa.

Mazungumzo yakakatika. Haijawahi kutokea, mkamwana kuwakoholea wazee.

"Karani," nikasema, kisha nikaanza upya. "Karani, waambie wazee mugonile. Waambie mzee hakufa kwa mkono wa mtu." Na nikamwambia mbwa yote. Ukoga, amiba, bakteria aliyelelewa ndani ya amiba mpaka akajua kuishi ndani ya askari wa mwili. Bomba lililomtoa kwenye maji na kumfanya ukungu. "Waambie tanki tulilileta sisi, kwa upendo, na hatukujua. Waambie makohozi niliyashika, ni kweli, kwa sababu mwenyewe alinifungia akaniwekea dirishani kwa heshima zote, na bila hayo tusingejua chochote. Na mwambie Baba mdogo aache kupuliza kwa maji yale. Amwage, avae barakoa, asubiri tulisafishe tanki. Mwambie aniseme anavyotaka, lakini mimi sitaki kumzika na yeye."

Nilisikia kuku tu. Nikajua nimeharibu.

Ndipo Mama akasimama, Tata. Mke wako, ambaye hakuwa amesema neno juu ya jambo hili tangu tukuzike. Akasema, "Nami nina la kumwambia Karani." Akasema siku ile ya vikohozi alikufuata kwenye masanduku ya kakao, akakukuta umekaa juu ya magunia unatetemeka, akakuambia uingie ndani ulale. Na wewe ukamjibu, "Nikirudi nitakohoa, na nikikohoa mtoto atakimbia. Amekimbia asubuhi nzima na Lugano mgongoni. Mwache apike." Ukakaa huko na homa mpaka jioni. Mama alikuwa ameyaweka hayo moyoni, akiogopa kuniumiza. Akawageukia wazee akasema, "Mnasema amekufa kwa desturi kuvunjwa. Mume wangu amekufa akiishika. Mwacheni mtoto wangu."

Mimi nilikuwa chini, sakafuni, kanga mdomoni.

Baba mdogo akakohoa, kikavu, kifupi. Damu moja kweli haipotei, nilidhani ni wewe. "Karani," akasema, "mwambie mkamwana wetu wazee wana njaa. Kaka alikuwa anaisifia sana mbalaga yake. Mwambie nani amemruhusu kukaa kwenye mkeka wa wageni?"

Nilipika, Tata. Nilipika sufuria kubwa kuliko zote, nikaunguza kidogo chini kwa machozi na haraka, na hakuna aliyesema.

Leo asubuhi Gwakisa ameingia ndani ya tanki na brashi, mimi namwelekeza kutoka nje, Lugano anacheka mwangwi wa baba yake. Tumesugua, tumetia dawa ya maji, tumelifunika vizuri. Mama aliuliza kama kuna haja ya kulitupa. Nikasema hapana, lisiachwe tu liote ukoga, na maji yake yasipulizwe hewani. Amelipangusa kwa kanga yake, akalipigapiga mgongoni. Wewe na mke mwenza mmesamehewa.

Na kuna jambo moja sijakuambia. Siku ya kukuaga, kabla Baba mdogo hajasema lake, zamu ya wanawake, nilipita kwenye jeneza nimefunika uso na kanga, kama inavyopasa. Mama akanishika mkono, akaishusha kanga taratibu. "Mwangalie," akaninong'oneza. "Safari hii hatageuka." Nikakuangalia. Una kidevu cha Lugano. Una makunyanzi ya mtu aliyecheka sana, na mimi kwa miaka yote nilikuwa nakisikia tu kile kicheko. Sikio lako nililitambua, kutoka kwenye picha. Nilitaka kukuambia ndaga fijo, na watu walikuwa wanasukuma nyuma, nikapita.

Basi naisema sasa. Ndaga fijo, Tata. Kwa chupa ya ukoga, kwa swali, kwa kukaza kifuniko. Kwa mchana ule kwenye magunia. Pumzika. Amiba wako wako hai Mbeya, nitaendelea kuwalisha, na siku moja watatuonyesha jinsi ya kumtoa yule mgeni ndani ya askari kabla nyumba haijapasuka.

Nakuaga bila Karani katikati. Na nakuahidi hili: yeyote atakayekohoa karibu nami, awe mkwe, awe mgeni, awe nani, sitakimbia tena. Nitageuka, nitamtazama usoni, nitamuuliza, umeanza lini?

Mkamwana wako,
Atupele